Wazi bila Umeme, Imefungwa bila Umeme: Kuchagua Vali Inayoendeshwa kwa Umeme

Wasomaji wa kijarida chetu wamezoea kukuta ukurasani hapa mambo ya ngeli, mnyambuliko na uhakiki wa tamthilia. Safari hii naomba mnivumilie nizungumzie vali, yaani kifaa kinachoruhusu au kuzuia maji, mafuta au gesi kupita katika bomba, na hasa vali zinazofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, sisi walimu tumekuwa tukisema kila kikao kwamba lugha hii lazima iingie hadi karakana na viwandani. Ya pili ni kwamba mimi mwenyewe nilitafsiri vibaya karatasi ya maelezo ya vali, na shule moja huko Adumi ikaamka asubuhi haina maji hata ya kunawa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Shule hiyo ina kisima kirefu chenye pampu ya sola, na tangi la plastiki la lita 5,000 lililowekwa juu ya mnara wa mita 3. Mchana jua hupandisha maji, na watoto huchota kwenye mabomba ya uani. Tatizo lilikuwa usiku. Bomba moja likiachwa wazi, au mpita njia akichota na asifunge, tangi hukauka kabla ya alfajiri. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa mabomba na umeme wa sola, akapewa kazi ya kuweka vali moja kwenye bomba kuu, pamoja na saa ya kuamrisha, ili maji yatoke kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha yazuiwe hadi kesho yake.

Alikuja kwangu na karatasi za vali mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza. "Mjomba, hapa pamesemwaje? Nichukue ipi?" Nikamsomea bila kufikiri sana: hii ni "wazi kwa kawaida", ile ni "imefungwa kwa kawaida". Akafurahi, kwa sababu shule ilikuwa imemwambia kwamba kwa kawaida maji yawe wazi ili watoto wanywe, isipokuwa usiku tu. Akanunua ile ya wazi kwa kawaida.

Makosa yalikuwa yangu. Katika lugha ya mafundi wa vali, neno nililolifasiri "kwa kawaida" halisemi juu ya desturi wala juu ya muda mrefu zaidi katika siku. Linasema jambo moja tu: vali hii hukaa vipi inapokuwa haina umeme. Vali aliyonunua hubaki wazi pasipo umeme, na ili ifunge ni lazima ilishwe umeme muda wote wa kufungwa. Kwa hiyo ilimbidi aipe umeme usiku kucha, saa 14, kutoka kwenye betri. Koili yake ilikuwa ya wati 20, na betri ilikuwa ya volti 12 na ampea-saa 26, tena si mpya. Saa 14 kwa wati 20 ni wati-saa 280. Betri hiyo ikiwa mpya kabisa na imejaa hubeba wati-saa 312 kwenye maandishi. Ilishindwa usiku wa manane, kiasi cha saa nane, vali ikafunguka yenyewe kama ilivyoumbwa, na bomba moja lilikuwa limeachwa wazi. Mengine mnayajua.

Tangu siku hiyo nimeacha kutumia "kwa kawaida" katika istilahi hii. Nasema "wazi bila umeme" na "imefungwa bila umeme". Maneno yenyewe yanamwambia fundi afikirie siku ambayo betri imekufa, na hilo ndilo swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kununua vali yoyote ya umeme: umeme ukikatika, nataka maji haya yapite au yakae? Kwa mafuta na gesi jibu karibu siku zote ni yakae. Kwa maji ya kupozea mashine huenda jibu likawa yapite, maana mashine bila maji itaungua. Kwa tangi la shule ya Adumi jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo, ila tafsiri yangu ililificha.

Sasa tuangalie vali zenyewe. Katika maduka ya vifaa utakutana na jamii mbili kubwa. Ya kwanza ni vali ya solenoidi. Ndani yake kuna koili ya waya wa shaba na katikati ya koili kuna kipande cha chuma mfano wa mchi mdogo. Umeme ukipita kwenye koili, koili hugeuka sumaku na kuuvuta mchi juu. Umeme ukikatika, springi huurudisha chini. Hakuna kinachozunguka wala gia, ni mchi kupanda na kushuka kinuni, na kitendo chote humalizika kwa kufumba na kufumbua. Ya pili ni vali ya mota. Hii ni vali ya tufe kama ile tunayofunga kwa mkono wenye mpini, yaani tufe la chuma lililotobolewa tundu katikati, likigeuzwa robo mzunguko tundu huelekeana na bomba au hulikingama. Tofauti ni kwamba mkono umeondolewa na mota ndogo yenye gia imewekwa mahali pake. Mota huchukua sekunde 5 hadi 15 hivi kugeuza tufe, halafu husimama na haitumii tena umeme.

Solenoidi nazo haziko sawa, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Iliyo rahisi kueleweka ni ile ambayo mchi wenyewe ndio unaoziba tundu la kupitia maji. Sumaku ina kazi ya kuuinua mchi dhidi ya presha inayoukandamiza. Hebu tupige hesabu. Presha ya bari 1 ni kama uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimita mraba. Tundu la kipenyo cha milimita 3 lina eneo la sentimita mraba 0.07, hivyo hata kwa presha ya bari 4 mchi unakandamizwa kwa uzito usiofika gramu 300. Koili ndogo inaweza. Lakini tundu la milimita 25, ukubwa wa bomba la inchi moja, lina eneo la karibu sentimita mraba 5, na kwa presha hiyo hiyo uzito unakuwa kilo 20. Sumaku ya kuinua kilo 20 ingekuwa kubwa, nzito na yenye kula umeme mno. Ndiyo maana solenoidi za aina hii zinapatikana zaidi kwa matundu madogo.

Kwa mabomba makubwa zaidi wahandisi walitumia werevu. Badala ya mchi kuziba maji yote, kuna kiwambo cha raba kilichowambwa juu ya tundu kubwa, kama ngozi ya ngoma. Maji hupenya kidogo kidogo kupitia kijitundu chembamba kwenye kiwambo na kujaa chumba kilicho juu yake, na presha ya chumba hicho ndiyo inayokibana kiwambo kisiinuke. Mchi wa solenoidi hufanya kazi ndogo tu ya kufungua mlango wa uchochoro ambao unayatoa maji ya chumba cha juu. Yakishatoka, presha ya juu hushuka, na maji yaliyo chini hukiinua kiwambo kwa nguvu zao wenyewe. Kwa maneno mengine, umeme unatoa amri tu, kazi nzito inafanywa na maji. Koili ya wati chache inaendesha bomba zima la inchi mbili.

Werevu huo una bei yake. Kama maji ndiyo yanayofanya kazi, basi maji yasiyo na presha hayafanyi kazi. Vali hizi huandikwa presha ya chini kabisa inayohitajika kati ya upande wa kuingia na wa kutoka, mara nyingi bari 0.3 au 0.5. Mtu wa mjini anayevuta maji kutoka kwenye mtambo wa shirika la maji huenda asiligundue jambo hili maisha yake yote. Mtu wa tangi la mnarani analigundua siku ya kwanza, kwa sababu kimo cha mita 10 za maji hutoa takriban bari 1 tu. Mnara wa mita 3 ni bari 0.3.

Hilo nalo lilitupata Adumi. Baada ya aibu ya kwanza, mpwa wangu alirudi dukani Arua kubadilisha. Dukani palikuwa na moja tu ya inchi moja iliyofungwa bila umeme, naye akaichukua. Ile ya kwanza ilikuwa imeandikwa presha ya 0 hadi 7, maana ilikuwa ya aina ya tatu, ambayo kiwambo chake kimefungwa pamoja na mchi ili sumaku isaidie kukiinua hata presha ikiwa sifuri. Ndiyo maana koili yake ilikula wati 20. Hii ya pili ilikuwa imeandikwa 0.5 hadi 8. Asubuhi tangi likiwa limejaa, mita 3 za mnara na karibu mita 2 za maji ndani ya tangi zilifika hiyo bari 0.5, na maji yakatoka. Kufika saa tano, watoto wameshachota nusu, maji yakawa yanadondoka kama ya chujio la chai. Mwalimu mmoja alidhani bomba limeziba, akaligongagonga kwa jiwe.

Jambo hilohilo huwashangaza watu wenye mashine za kufulia nguo. Mashine inanunuliwa kwa fedha nyingi, inaunganishwa na tangi lililo juu ya dari, kisha inakataa kujaa maji. Fundi anaitwa, mota inalaumiwa. Vali ya kuingizia maji katika mashine nyingi za namna hiyo ni ya kiwambo. Haina ubovu wowote, inasubiri presha ambayo tangi la darini haliwezi kuitoa. Dawa ni kuinua tangi au kuweka pampu ndogo ya kuongeza presha.

Kuna pia suala la uchafu. Kile kijitundu cha kiwambo ni chembamba sana, na maji ya visima vyetu huja na mchanga au kutu. Chembe moja ikikaa hapo, chumba cha juu hakijai na vali haifungi. Kama utatumia vali ya kiwambo, weka chujio kabla yake na ulisafishe. Vali ya tufe huvumilia zaidi, na tundu lake likiwa sawa na bomba halipunguzi maji kwa namna ya kuonekana, jambo ambalo kwa mtu mwenye bari 0.3 ni neema kubwa.

Nimeandika sana juu ya maji, na huenda msomaji akadhani naikataa solenoidi. Sivyo. Pale unapotaka kukata kitu papo hapo, solenoidi haina mpinzani. Jenereta nyingi za dizeli zina solenoidi inayokata mafuta injini izime, na wakazi wa West Nile wamezijua jenereta kuliko watu wengi wa Uganda, maana kwa miaka mingi mkoa huu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea mashine za mafuta, na baadaye kituo cha Nyagak karibu na Paidha, chenye megawati 3.5, kilichozinduliwa mwaka 2012. Laini ya gridi ilifika mwaka 2024. Kwa gesi ya kupikia katika jiko la hoteli au la shule pia nisingeweka vali ya mota ya kawaida, kwa sababu moja kubwa: umeme ukikatika vali ya mota hubaki pale ilipokuwa. Ilikuwa wazi, itabaki wazi. Zipo zenye springi au akiba ya umeme ya kuzirudisha, lakini lazima uulize na ulipie zaidi. Solenoidi iliyofungwa bila umeme hujifunga yenyewe bila kuulizwa.

Upande mwingine wa ule wepesi ni kishindo. Maji yanayokimbia kwenye bomba refu yakizuiwa ghafla hugonga kama nyundo, na mabomba ya plastiki hufunguka maungio. Vali ya mota inayofunga kwa sekunde 10 haina kelele hiyo. Kwa umwagiliaji wa pampu yenye presha nzuri, kuna solenoidi inayoshikwa na sumaku ya kudumu: unaipa mshtuko mmoja mfupi wa umeme inafunguka na kukaa, mshtuko wa kinyume inafunga na kukaa. Inaendeshwa kwa betri ndogo kwa msimu mzima. Ila nayo, kama ya mota, betri ikifa inabaki ilipo.

Koili za mkondo geu, yaani umeme wa gridi au wa jenereta, zina tabia moja ambayo mafundi wa Arua wanaijua kwa kuungua vidole. Mchi ukiwa bado haujapanda, koili hiyo huvuta umeme mwingi kuliko ukishapanda. Umeme ukiwa dhaifu, mchi hushindwa kupanda hadi mwisho, koili inaendelea kuvuta umeme mwingi, inachemka na kuungua. Watu husema umeme umezidi, kumbe umepungua. Koili ya mkondo mnyoofu, wa betri na sola, haina hatari hiyo. Mchi ukikwama itakataa tu kufungua. Tena usiwaruhusu wauzaji wakuambie kwamba volti 24 za aina moja ni sawa na volti 24 za aina nyingine. Si sawa.

Kuhusu raba ya ndani nitasema kwa ufupi, maana orodha ni ndefu. Raba inayofaa maji ya moto inaweza kuvimba na kuharibika ikikutana na dizeli au mafuta ya kupikia. Mtu wa kinu cha simsim asinunue vali ya maji kwa sababu nyuzi za bomba zimelingana. Aseme dukani ni kimiminika gani kitapita.

Turudi Adumi. Safari ya tatu tulikaa mezani kwangu na kalamu. Presha ni bari 0.3 hadi 0.5, kwa hiyo ya kiwambo haifai. Umeme ni wa sola na betri dhaifu. Ile solenoidi ya kuanzia presha ya sifuri ingefaa kama ingekuwa ya kufungwa bila umeme, lakini ingetaka wati 20 kwa saa 10 za mchana, wati-saa 200 kila siku. Vali ya mota ya wati 5, ikizunguka sekunde 10 asubuhi na sekunde 10 jioni, hutumia kama wati-saa 10 kwa mwaka mzima. Solenoidi hula kiasi hicho kwa nusu saa. Kinachobaki ni saa ya kuamrisha, ambayo inataka umeme kidogo kila wakati. Upungufu wake, kwamba betri ikifa vali hubaki ilipo, tuliujadili sana. Tukakubaliana anunue yenye kifundo cha kugeuza kwa mkono, ili mlinzi wa usiku aweze kufunga mwenyewe.

Kwa walimu wenzangu ninalo la kuongeza juu ya maneno. Neno "vali" tumelipokea kutoka vitabu vya biolojia, katika vali za moyo, ingawa mafundi wengi hutamka valvu, na kutoka ng'ambo ya mpaka nimesikia robine. Nimetumia "presha" hapa kwa sababu ndilo neno la dukani, lakini anayefundisha fizikia atataka "kanieneo". "Kiwambo" ni neno letu wenyewe, na mwanafunzi aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa ameshaelewa nusu ya vali. Ugumu uko katika "funga" na "fungua". Fundi wa umeme akisema saketi imefunguliwa, ana maana kwamba umeme haupiti. Fundi wa maji akisema vali imefunguliwa, ana maana kwamba maji yanapita. Mtu mmoja akifanya kazi zote mbili, kama mpwa wangu, sentensi moja inaweza kuwa na maana mbili zinazopingana ndani ya boksi moja la plastiki. Katika zoezi la tafsiri nililowapa wanafunzi wa mwaka wa pili nimewataka kila mara wataje kinachopita: "maji yanapita", "umeme haupiti". Sentensi zinarefuka. Wanafunzi wawili walilalamika kwamba si Kiswahili kizuri.

Vali ya mota ilifungwa Adumi siku ya Jumamosi. Juu ya boksi lake mpwa wangu ameandika kwa rangi nyekundu, bila kuniuliza tafsiri: BILA UMEME INABAKI ILIPO. GEUZA KWA MKONO.